Harufu ya Chungwa Ilipoondoka na Mvuke

Hivi karibuni nilikuwa Lushoto, na huko nilikaribishwa na kikundi cha akina mama wanaotengeneza jemu na maji ya machungwa ya chupa. Kazi yao wanaifanyia nyumbani kwa mmoja wao, juu kidogo ya barabara itokayo Soni. Siku ile sufuria kubwa lilikuwa jikoni, kuni za mkaratusi zinawaka, na ua mzima ulikuwa unanukia machungwa. Kabla sijapiga hodi nilikwisha jua kinachopikwa.

Baada ya salamu na maongezi wakaipua sufuria, wakaacha vipoe, wakanipa glasi. Nikaonja. Vilikuwa vitamu, na ukali wake haukuzidi. Lakini kama nisingeyaona machungwa yakikamuliwa kwa macho yangu, ningesema nimepewa maji ya sukari yenye ndimu kidogo. Ndipo mama mmoja, mkubwa kwa umri kuliko wenzake, alipochukua kichupa cha arki kilichonunuliwa dukani, akadondosha matone machache, akakoroga. Papo hapo chungwa likarudi.

Nikamwuliza, "Mama, mbona unatia arki ya chungwa ndani ya maji ya chungwa?"

Akacheka, akanijibu, "Mwanangu, harufu yetu imeondoka na mvuke. Hii tunainunua ili mteja asitukimbie."

Ndugu wasikilizaji, jibu hilo nimeshuka nalo mlima, kona baada ya kona mpaka Mombo. Watu wa nchi ya machungwa wananunua harufu ya chungwa kwa kichupa. Basi leo naomba tuizungumze harufu hiyo: ni kitu gani, inakaa wapi, inapimwa vipi, na kwa nini mkulima wa Usambara halipwi hata senti kwa ajili yake.

Tuanze na mahali inapokaa. Wengi wetu tulipokuwa watoto tulicheza mchezo mmoja wakati wa usiku. Unachukua kipande cha ganda la chungwa, unakikunja na kukifinya mbele ya moto wa kibatari, na cheche zinaruka. Sisi tulidhani ni mazingaombwe. Kumbe ni mafuta yanayowaka. Ukilitazama ganda kwa makini utaona vitone vidogo vidogo, vimejaa kila mahali. Kila kitone ni kifuko cha mafuta, na mafuta hayo ndiyo yenye sehemu kubwa ya harufu. Vifuko hivyo vimo katika ngozi ya juu yenye rangi. Ile nyama nyeupe iliyo chini ya ngozi haina kitu, na maji ya ndani yana harufu yake, lakini kwa kiasi kidogo zaidi.

Sasa fikirini stendi yoyote ya basi, iwe Muheza, Korogwe au Mombo. Kijana ana meza yake na kisu, au kile kimashine cha kuzungusha kwa mkono. Anamenya chungwa kwa ustadi, utepe wa ganda unadondoka ndani ya ndoo, na wewe unakula kilichobaki. Jioni ndoo inamwagwa jalalani. Tunakula sehemu moja ya mali, nyingine tunaitupa, na tumefanya hivyo muda mrefu hata hatuoni tena kwamba tunatupa kitu.

Wataalamu wa kemia wanasema kwamba katika mafuta ya ganda la chungwa, zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 ni kitu kimoja tu, kiitwacho limonini. Peke yake, limonini haichemki mpaka joto lifike nyuzi 176. Ikiwa pamoja na maji, haisubiri hapo. Hupanda pamoja na mvuke wa maji yanayochemka, ikatoka nje. Hiyo ndiyo siri ya jikoni kule Lushoto. Nyumba ilipokuwa inanukia vile, na mimi mgeni nikafurahi mlangoni, kumbe nilikuwa nashuhudia hasara. Harufu iliyonikaribisha ndiyo iliyokuwa inapungua ndani ya sufuria.

Lakini msidhani kwamba limonini ndiyo chungwa lenyewe. Hapa pana jambo la ajabu, na ili kulielewa inabidi tujue harufu inavyopimwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mrusi mmoja aitwaye Mikhail Tsvet alipitisha maji ya majani ndani ya bomba la kioo lililojazwa unga wa chokaa. Aliona rangi zinajitenga, kila moja ikisimama mahali pake. Mwaka 1952, Waingereza wawili, James na Martin, walitangaza njia ya kufanya jambo kama hilo kwa vitu vinavyogeuka kuwa hewa. Siku hizi mashine yake ina mrija mwembamba sana, ambao mara nyingi urefu wake ni mita 30 hivi, umezungushwa kama kamba ya katani na kuwekwa ndani ya tanuri dogo. Tone dogo la mafuta huingizwa upande mmoja, na gesi huyasukuma kuelekea upande wa pili.

Nitatoa mfano. Chukulia kwamba watu 50 wameondoka Mombo alfajiri, kwa miguu, kwenda Lushoto. Wote wameanza pamoja na njia yao ni moja. Lakini yuko asiye na ndugu njiani: huyo anapita moja kwa moja. Mwingine ana shangazi Soni, inabidi apige hodi. Mwingine ana jamaa katika kila kijiji, na kila mlango anaingia, anasalimu, anakaa. Ukisimama Lushoto utawaona wakifika mmoja mmoja, na kwa saa ya kufika utamtambua kila mtu. Mrija ule ndivyo ulivyo. Umepakwa ndani kitu ambacho baadhi ya kemikali hukipenda na kusimama nacho, na nyingine hukipita. Mwishoni mashine inaandika nani kafika, saa ngapi, na kwa wingi gani.

Jambo la kufurahisha zaidi ni kwamba katika baadhi ya maabara huwekwa pia mtu mwishoni mwa mrija huo, kazi yake kunusa. Mashine inasema kuna kitu kingi, mtu anasema hiki sikisikii. Mashine inasema hapa hakuna kitu cha maana, mtu anaruka kitini na kusema hilo ndilo chungwa! Kwa njia hiyo imejulikana kwamba limonini, pamoja na wingi wake wote, si yenye sauti kubwa. Sura ya chungwa hutoka kwa vitu vichache vilivyo kidogo mno: oktanali, dekanali, sinensali, na katika maji yake vitu vyenye harufu ya tunda bivu ambavyo huruka upesi kuliko vyote. Balungi lina kitu kimoja chenye salfa ndani yake, kilichotangazwa na watafiti mwaka 1982, ambacho pua ya binadamu hukitambua hata kama gramu moja itachanganywa katika mamilioni ya tani za maji.

Limau nalo lina mambo yake. Kinacholipa sura ya limau ni sitrali, nayo ni sehemu chache tu katika 100 za mafuta ya ganda lake. Sasa nawauliza akina mama wa Tanga: ni jani gani mnalotia katika chai, lenye harufu ya limau na wala si ndugu wa limau? Ni mchaichai. Sehemu kubwa ya mafuta ya mchaichai ni sitrali hiyo hiyo. Kwa hiyo bibi aliyesema mchaichai unanukia limau hakukosea hata kidogo. Mashine imekuja baadaye kuthibitisha aliyoyajua.

Hata undugu wa matunda haya umepimwa. Utafiti mkubwa wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba machungwa na malimau yote ya dunia asili yake ni chini ya milima ya Himalaya, upande wa kusini mashariki, na kwamba wazazi wakuu ni wachache. Furungu na chenza walizaa danzi. Furungu na chenza, kwa kuchanganyika zaidi ya mara moja, walizaa chungwa tamu. Danzi akaoana na tunda liitwalo sitroni, wakazaa limau. Chungwa na furungu, katika visiwa vya Karibi katika karne ya 18, wakazaa balungi. Basi mtu anapolinusa balungi akasema lina uchungwa ndani yake, anamtambua mzazi katika uso wa mtoto.

Ndugu wasikilizaji, mtasema haya ni mambo ya maabara, yanamhusu nini mkulima? Sikilizeni.

Nikiwa Mombo nasubiri gari, mama mmoja alikuwa anauza machungwa ya kijani. Abiria akayatazama kupitia dirishani, akasema, "Mama, haya bado mabichi." Yule mama hakubishana. Alikwaruza ganda kwa ukucha, akamnyoshea mkono. "Nusa kwanza, mwanangu. Usile kwa macho." Abiria akanusa, akanunua sita.

Yule mama alikuwa na haki, na sayansi iko upande wake. Chungwa haligeuki rangi kwa sababu limeiva. Hugeuka kwa sababu limepata baridi ya usiku. Ile kijani ya majani iliyo katika ganda huvunjika vizuri usiku unapokuwa wa baridi. Muheza na Mombo, kwenye joto la tambarare, chungwa huweza kuiva likabaki kijani. Lushoto, kwenye urefu wa mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, hupata manjano yake wakati wa kipupwe. Mnunuzi wa mjini, ambaye amefundishwa na picha za maboksi kwamba chungwa lazima liwe na rangi ya chungwa, hulikataa la kijani au hulipa bei ya chini. Na hizo nchi za picha, mara nyingi zenyewe huvuna ya kijani, zikayaweka katika vyumba vyenye gesi ya ethilini mpaka yageuke rangi. Ndani hayabadiliki kuwa matamu zaidi.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nasema, kwa heshima zote, chema hujiuza pale mnunuzi anapoweza kukinusa. Mombo dirishani, sawa. Lakini mnunuzi aliye Dubai au Hamburg hawezi kunyoshewa mkono. Yeye anataka karatasi. Mafuta ya ganda, arki, jemu, hata juisi, vyote huulizwa vipimo: limonini kiasi gani, sitrali kiasi gani, je, kumetiwa kitu kisicho cha tunda? Asiye na karatasi hana bidhaa, ana mzigo. Na mwenye mzigo hupangiwa bei.

Mkulima wetu ndiye mwenye mzigo. Machungwa ya Muheza mengi hununuliwa yakiwa bado mtini, mnunuzi akitembea shambani na kukisia kwa jicho. Kisha yanapakiwa malori kwenda Dar es Salaam, na mengine yanavuka mpaka kwenda Kenya. Kilichopimwa katika biashara hiyo ni gunia, na gunia lenyewe tunajua linavyoshonewa kilemba. Harufu haimo katika hesabu.

Si kwamba nchi hii haijui kazi hiyo. Pemba, pale Wawi, kipo kiwanda kinachokamua mafuta kutoka katika makonyo ya karafuu, yaani vile vikonyo ambavyo mtu angeweza kuviona ni taka baada ya karafuu zenyewe kuchambuliwa. Kiwanda hicho hicho hukamua na mafuta ya mchaichai. Mpemba amekwisha tambua kwamba harufu ni zao. Kwa nini Msambaa na Mbondei wasitambue?

Wala si kwamba milima ya Usambara ni ngeni kwa utafiti. Pale Amani, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, na kwa miaka mingi ilijulikana duniani. Waingereza wakaiendeleza, kisha baada ya Vita Kuu ya Pili shughuli za utafiti wa kilimo zikahamishiwa Muguga, Kenya. Miti ikabaki Amani. Lakini maswali waliyokuwa wanayauliza watafiti wale yalikuwa ya mashamba makubwa na ya nchi zao. Swali la mama wa Lushoto, yaani harufu yangu inakwenda wapi, halikuwa katika daftari lao.

Sipendi kuwadanganya wasikilizaji kwamba kuna utajiri umelala kwenye ndoo ya maganda. Tani nzima ya machungwa hutoa kilo chache tu za mafuta. Na Brazili, inayoongoza duniani kwa juisi ya machungwa, hupata mafuta hayo kama ziada ya viwanda vyake vikubwa. Hatuwezi kushindana nao kwa wingi. Viwanda hivyo pia vinaposhusha maji ya juisi iwe nzito hukamata harufu inayoruka na mvuke, huihifadhi, na kuirudisha baadaye. Kile ambacho kwetu hupaa kwenye paa la jiko, kwao kina bomba la kukipokea.

Tunaloliweza ni dogo, lakini ni letu. Kwanza, vipimo. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wanakemia, Mlingano ni hapo hapo Muheza. Ombi langu ni jepesi: yachukuliwe machungwa ya aina moja, tuseme Valencia, ya Muheza chini na ya Lushoto juu, pamoja na malimau na ndimu, yapimwe msimu hadi msimu, na matokeo yaandikwe kwa Kiswahili yakabandikwe ofisi ya kata. Mkulima akiwa na karatasi hiyo mkononi, mazungumzo na mnunuzi hubadilika. Kilichokuwa kisio la jicho kinakuwa hesabu ya watu wawili.

Pili, jikoni. Haya nimeyauliza kwa wanaojua, na hayahitaji mashine. Osha machungwa vizuri, kisha kuna ngozi ya juu tu, ile yenye rangi, kabla ya kukamua. Usifike kwenye nyeupe, italeta uchungu. Maji ya machungwa yasichemke saa nzima. Yapashwe moto mpaka karibu nyuzi 85 au 90 kwa muda mfupi, sufuria likiwa limefunikwa, na yale makuno yafungwe katika kitambaa safi na kuzamishwa mwishoni, kifuniko kikirudishwa upesi. Kisha tia katika chupa ya kioo yangali ya moto, ufunge, uiweke mbali na jua. Plastiki laini hunywa limonini, na jua na hewa huigeuza harufu ikawa ya kuchacha. Na wanaokamua ndimu juani wajihadhari: mafuta ya ganda lake yakikaa kwenye ngozi na jua likapiga, huweza kuunguza na kuacha mabaka meusi.

Tatu, sisi walaji. Tukipita Mombo au Muheza, tujifunze kunusa kabla ya kukataa.

Kabla sijaondoka Lushoto tulijaribu sufuria dogo moja kwa njia hiyo ya kifuniko na makuno. Yule mama akamimina glasi, akaisogeza puani, akanyamaza kidogo. Akasema, "Hili sasa ni la kwetu." Kisha akatazama rafu. Kichupa cha arki kilikuwa bado pale pale, na hakukitupa. "Wateja wamekizoea," aliniambia. "Tutawazoesha polepole."

Amesema kweli. Harufu iliyopotea kwa miaka hairudi kwa siku moja. Lakini ua wa nyumba yake siku ile ya pili haukunukia sana nilipokuwa nje. Nilipoinama juu ya glasi, ndipo nilipoikuta.